Sahihi ya Maaskofu: Gharama ya Imani Kabla ya Kifo

Imekuwa kawaida katika maandishi yetu kuipima gharama ya imani ya Kikristo kwa hesabu ya maiti. Pasipo na damu, twaambiwa, hapana gharama. Na Mkristo wa Dar es Salaam au Nairobi leo, anayesali bila kubughudhiwa, hadaiwi kitu. Wahubiri wa injili ya mafanikio wamelipokea dai hilo kwa mikono miwili, kwani kwao imani huingiza, haitoi. Nalipinga, na ushahidi wangu ni barua moja.

Tarehe 5 Februari 1977, saa saba na nusu usiku, askari wa Idi Amin waliivamia nyumba ya Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda, wakitafuta silaha. Hawakuambulia kitu. Tarehe 10 maaskofu wakamwandikia Amin, wakalalamikia upekuzi ule na, zaidi ya hapo, watu waliokuwa wakiuawa na kutoweka. Wakatia sahihi. Tarehe 16 Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari.

Wapo wanaoshikilia kwamba Luwum alikufa kwa Uacholi wake, si kwa Ukristo wake. Ni kweli Amin aliwaua Waacholi na Walango wengi tangu 1971. Lakini hoja hiyo inakwama kwa Festo Kivengere. Huyu alikuwa Askofu wa Kigezi, pembe ya pili ya nchi, na jina lake lilikuwa kwenye barua ileile. Baada ya mauaji, yeye na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu hadi Rwanda. Kabila halikuwa moja. Barua ilikuwa moja.

Kinachonishughulisha zaidi ni zile siku 6 kati ya barua na kifo. Katika siku hizo hapakuwa na shahidi wa imani hata mmoja. Palikuwa na watu wazima wenye wake na watoto, waliojua wameandika nini na wamemwandikia nani. Kwa maoni yangu, gharama ililipwa hapo. Na hapo ndipo wanapokutana na mhasibu wa halmashauri anayekataa, kwa ajili ya imani yake, kutia sahihi vocha ya kazi isiyofanyika. Hunyimwa cheo, huhamishwa, na ndugu zake wa tumbo moja humwambia dini imempumbaza. Vocha si risasi, nakubali. Hata hivyo, utafiti unaosubiri risasi ndipo uanze kuhesabu hautamwona mhasibu huyo kamwe, na wala haujamwona Kivengere sawasawa.

Luwum ana sikukuu ya taifa nchini Uganda, kila 16 Februari. Kivengere alirudi Amin alipoangushwa 1979, akafa kwa maradhi 1988. Kalenda haina siku yake.