Homa ya Hispania nchini Samoa (1918)

Homa ya Hispania nchini Samoa ni mlipuko wa mafua makali uliovikumba visiwa vya Samoa ya Magharibi (leo Dola Huru la Samoa), katika Bahari ya Pasifiki, kuanzia Novemba 1918. Watu wapatao 8,500 walifariki, yaani zaidi ya mmoja katika kila watano, wengi wao ndani ya majuma machache.

Wakati huo visiwa hivyo vilikuwa chini ya jeshi la New Zealand, lililovitwaa kutoka kwa Wajerumani mwaka 1914. Tarehe 7 Novemba 1918 meli ya Talune, iliyotoka Auckland, ilitia nanga Apia ikiwa na abiria wagonjwa. Njiani, huko Fiji, ilikuwa imewekwa karantini. Lakini huko Apia iliruhusiwa kushusha watu. Ugonjwa ukaenea kisiwa chote cha Upolu, kisha kisiwa cha Savai'i.

Kilichoua si virusi peke yake. Familia nzima ziliugua kwa pamoja, asiwepo wa kuchota maji, wa kuchimba magimbi shambani wala wa kuwasha moto, hata waliokuwa wameanza kupata nafuu wakadhoofika kwa njaa. Maiti zilizikwa katika makaburi ya pamoja, likiwemo la Vaimoso, bila taratibu za mazishi ambazo Wasamoa wanazithamini mno. Wanaume watu wazima walikufa kwa kiwango kikubwa kuliko watoto, na miongoni mwao walikuwamo matai wengi, yaani wakuu wa koo. Pamoja nao ilipotea hazina ya nasaba, hotuba na kumbukumbu za ardhi zisizoandikwa popote.

Vifo hivyo vingeweza kuzuiwa, na ushahidi uko jirani kabisa. Katika Samoa ya Marekani, gavana John Martin Poyer aliweka karantini kali dhidi ya meli zote, na wananchi wenyewe wakalinda fukwe zao. Hakufa hata mtu mmoja. Poyer alijitolea kutuma msaada wa kitabibu Apia, lakini msimamizi wa New Zealand, Kanali Robert Logan, hakuupokea. Uamuzi huo hauna utetezi.

Tume ya uchunguzi ya mwaka 1919 ilibaini uzembe wa utawala. Mwaka huohuo viongozi wa Kisamoa waliomba nchi yao iondolewe mikononi mwa New Zealand, na uchungu wa vifo hivyo ulichochea vuguvugu la Mau, lililodai kujitawala bila kutumia silaha. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Januari 1962. Juni 2002, Waziri Mkuu wa New Zealand, Helen Clark, aliwaomba radhi Wasamoa rasmi mjini Apia.

Karne moja baada ya mlipuko huo, korona ilipozuka mwaka 2020, Samoa ilifunga mipaka mapema. Maambukizi ndani ya jamii hayakuthibitishwa hadi Machi 2022, wakati watu wazima wengi walikuwa wamekwisha kuchanjwa.