Kasi na Mamlaka: Historia ya Kufupisha Muda wa Kuwaka kwa Linux, 2004–2015

Katika mifumo endeshi ya jamii ya Unix, mchakato wa kwanza unaoanzishwa na kiini cha mfumo hupewa namba 1, na michakato mingine ya mtumiaji hutokana nao. Kwa miaka mingi mchakato huo uliitwa init. Makala haya yanajadili jinsi jitihada za kuharakisha kuwaka kwa Linux zilivyozaa mgogoro kuhusu mamlaka ya mchakato huo.

Matoleo mengi ya Linux yalirithi utaratibu wa Unix System V, iliyotolewa na AT&T mwaka 1983. Kila huduma ilikuwa na skripti yake, na skripti hizo ziliendeshwa moja baada ya nyingine kwa kufuata namba zilizomo katika majina yake. Utaratibu huu ulikuwa na fadhila moja kubwa: msimamizi wa mfumo aliweza kufungua skripti, kuisoma na kuirekebisha mwenyewe. Kasoro yake ilikuwa ile ya foleni yoyote: wa mbele akikwama, wa nyuma wote hungoja, hata kama shida zao hazihusiani.

Hatua ya kwanza ya mageuzi ilikuwa ya upimaji. Mwaka 2004, Owen Taylor wa Red Hat alitoa changamoto ya kuundwa kwa zana ya kuchora mwenendo mzima wa kuwaka. Ziga Mahkovec aliitikia kwa kuunda Bootchart, iliyoonesha muda wa kila mchakato pamoja na matumizi ya prosesa na diski. Tangu hapo, mjadala ulihama kutoka kwenye dhana hadi kwenye ushahidi.

Mwaka 2006 Ubuntu ilianza kutumia Upstart, iliyobuniwa na Scott James Remnant, ambamo huduma huanzishwa na matukio badala ya namba. Miaka miwili baadaye, Arjan van de Ven na Auke Kok wa Intel walionesha kompyuta ndogo ya Eee PC ikiwaka kwa sekunde 5. Hawakuuliza ni kitu gani kipunguzwe kidogo. Waligawa sekunde hizo kama bajeti, na kila sehemu ya mfumo ikalazimika kutosheka na fungu lake.

Aprili 2010, Lennart Poettering alitangaza systemd, aliyoianzisha pamoja na Kay Sievers. Hoja yake ya msingi, iliyochota pia kutoka launchd ya Apple ya mwaka 2005, ilikuwa kwamba huduma nyingi hazingojeani zenyewe, bali zinangojea soketi za mawasiliano. Soketi zote zikifunguliwa mapema, huduma zinaweza kuanzishwa kwa pamoja, na kiini cha mfumo kikahifadhi ujumbe hadi mpokeaji awe tayari. Fedora iliipokea mwaka 2011.

Hata hivyo, systemd haikuishia kwenye kuwasha. Ilichukua pia kumbukumbu za matukio na usimamizi wa vipindi vya watumiaji. Wapinzani waliona kwamba mchakato namba 1 umejilimbikizia kazi nyingi, kinyume na desturi ya Unix ya programu moja kufanya kazi moja. Februari 2014, kura za Kamati ya Kiufundi ya Debian zililingana, na systemd ikapita kwa kura ya turufu ya mwenyekiti, Bdale Garbee. Mwaka huohuo baadhi ya wapinzani walijitenga na kuanzisha Devuan. Ubuntu nayo iliiacha Upstart mwaka 2015.

Historia hii inadhihirisha kwamba sekunde zilizookolewa hazikutokana na mashine zenye nguvu pekee, bali na kuhoji ni nani hasa anamngojea nani. Inadhihirisha pia kwamba kasi ilikuwa na gharama yake: skripti ambayo msimamizi aliweza kuisoma na kuibadili ilipisha programu kubwa inayomtaka aiamini. Mgogoro wa Debian haukuwa wa sekunde. Ulihusu nani ashike ufunguo wa mlango wa kwanza.