Mganda Kwenye Theluji

Buigiri iko kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilifungua hapo shule ya wasioona, ya kwanza Tanganyika. Kaka yangu alisoma hapo baada ya vikope kumpofusha, ugonjwa uliotusumbua sana sisi Wagogo. Wakati wa likizo mimi ndiye niliyemwongoza: nashika ncha moja ya fimbo, yeye anashika ya pili. Mara nyingi aliniambia, "Tukimbie." Nilikataa. Niliogopa kwamba akianguka, mama atanichapa mimi.

Miaka mingi baadaye nilikutana na habari za Tofiri Kibuuka, Mganda aliyezaliwa mwaka 1947 na kupoteza uoni akiwa kijana. Mwaka 1969 alikuwa mmoja wa vijana saba wasioona, kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, waliopanda Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895. Baadaye akaenda Norway. Huko Erling Stordahl, naye asiyeona, alikuwa ameanzisha mashindano ya Ridderrennet, Beitostølen, mwaka 1964. Ni Norway ambako Kibuuka alijifunza kuteleza kwa skii.

Namna yenyewe haina miujiza. Kwenye theluji huchongwa mifereji miwili sambamba, kama alama za magurudumu ya mkokoteni wa ng'ombe kwenye njia ya shambani baada ya mvua. Skii hukaa ndani ya mifereji hiyo, na miguu huifuata njia. Mwelekezi anayeona huwa karibu akiita: kona kushoto, mteremko, simama. Yeye hutoa sauti tu. Mbio ni za asiyeona.

Mwaka 1976 Paralimpiki ya kwanza ya majira ya baridi ilifanyika Örnsköldsvik, Sweden. Kibuuka alishindana kwa jina la Uganda, Mwafrika wa kwanza katika michezo hiyo. Alishiriki tena Geilo mwaka 1980. Kisha, akiiwakilisha Norway, akapata medali za riadha.

Mwaka jana nilimsomea kaka habari hizi uani kwake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mwelekezi humshika mtu mkono.

"Hapana," nikamjibu. "Anaita tu."

Akanyamaza kidogo.

"Basi hata wewe ungeweza kuita, mdogo wangu," akasema.