Ndege za Doria Katika Bahari Yetu, 1942–1945

Historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia inapofundishwa kwetu, askari wa King's African Rifles hupewa nafasi yao, na ni haki yao. Ndege zilizolinda meli zilizowabeba askari wetu hutajwa kwa nadra. Katika toleo hili tunapenda kuzizungumzia, hasa kwa kuwa ndege za jamii hiyo zilijulikana karibu na hapa tulipo.

Kutoka Old Kampala hadi Port Bell ni safari fupi ya teksi. Kuanzia mwaka 1937 ndege za abiria za Imperial Airways zilitua ziwani hapo Port Bell zikitoka Khartoum na Malakal, kisha zikaendelea Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na hatimaye Durban. Matumbo yake yaliundwa kama ya mashua. (Wanafunzi wetu wa tafsiri hupenda kuziita "mashua zirukazo", sisi tunaona "ndege za majini" yatosha.) Waundaji wake, Short Brothers wa Uingereza, waliunda pia ndugu yake wa kijeshi, Sunderland, iliyoruka kwa mara ya kwanza Oktoba 1937. Hata hivyo, ndege iliyobeba mzigo wa doria katika pwani yetu ilikuwa Catalina ya Marekani.

Catalina iliruka mara ya kwanza mwaka 1935. Haikusifika kwa mbio. Sifa yake ilikuwa subira: iliweza kukaa angani zaidi ya saa 20, wanaanga wakipokezana zamu na kukodolea bahari macho kutafuta nyambizi. Neno nyambizi linatukumbusha kupiga mbizi, lakini nyambizi za wakati ule hazikuweza kukaa chini siku nyingi. Zililazimika kuibuka ili ziwashe injini na kujaza betri. Ndege ikiwa juu, haziibuki. Kwa hiyo hata doria iliyorudi bila kuona kitu ilikuwa imefanya kazi.

Aprili 1942 Wajapani walishambulia Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na Waingereza wakahamishia manowari zao nyingi Kilindini. Mwezi Mei nyambizi za Japani zilishambulia bandari ya Diego Suarez, Madagaska, kisha zikazamisha meli zaidi ya 20 katika Mlango wa Msumbiji. Mwaka huohuo Kikosi cha 209 cha jeshi la anga la Uingereza kililetwa Kipevu, Mombasa. Catalina ya kikosi hicho ndiyo iliyoiona manowari ya Ujerumani, Bismarck, tarehe 26 Mei 1941. Kikosi cha 259 kiliundwa Kipevu mwaka 1943 na baadaye kikahamia Dar es Salaam.

Tarehe 20 Agosti 1943, kusini mwa Madagaska, Catalina ya Kikosi cha 259 iliishambulia nyambizi ya Ujerumani U-197. Catalina nyingine, ya Kikosi cha 265, ikaimaliza. Wajerumani wote 67 walikufa.

Vitabu hupenda kuhesabu ushindi wa namna hiyo. Kwa Afrika Mashariki, tunaona kuna hesabu nyingine iliyo nzito zaidi. Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga Kilindini kwenda Ceylon ikiwa na watu 1,511. Karibu 1,000 kati yao walikuwa wa Kikosi cha Mizinga cha 301 cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga, nayo ikazama kwa muda usiozidi dakika tatu. Manowari za ulinzi zilidondosha mabomu ya majini mahali palepale walipoelea manusura, kwa kuwa adui alikuwa amejificha chini yao. I-27 ilizamishwa siku hiyohiyo. Watu 1,297 wa Khedive Ismail walikufa.

Askari hao wanakumbukwa kwenye mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Mwanafunzi ambaye jamaa yake alikuwa katika kikosi hicho, au alifanya kazi Kipevu, tunamwomba ayaandike masimulizi ya nyumbani, kwa Kiswahili kilekile yalivyosimuliwa, na kuyaleta idarani.