Imani na Huduma ya Saratani: Karagwe na Kyerwa

Imani katika huduma ya saratani ni nafasi ya dini, sala na mahitaji ya kiroho katika kumtunza mgonjwa sambamba na dawa. Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, nafasi hiyo imo ndani ya hospitali zenyewe: Nyakahanga, wilayani Karagwe, ni ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na Isingiro, wilayani Kyerwa, ni ya Kanisa Katoliki. Anayehitaji tiba ya mionzi hupewa rufaa kwenda mbali, Bugando jijini Mwanza au Ocean Road, Dar es Salaam. Safari hiyo hugharimu familia nzima, hivyo mchungaji, padri au shehe huombwa ushauri kabla ya nauli kuchangwa.

Msingi wa kitaalamu wa kuunganisha tiba na mahitaji ya kiroho ulijengwa na Cicely Saunders, aliyefungua hospisi (kituo cha kuwatunza wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha) ya St Christopher's, London, mwaka 1967. Alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, nafsi, jamii na roho kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani limeyaweka mahitaji ya kiroho ndani ya maana ya tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa mwenye ugonjwa mzito. Nchini Uganda, Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, akieneza matumizi ya morfini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali.

Wataalamu wanaofuata msingi huo huiona imani kuwa nguzo: humpunguzia mgonjwa hofu na upweke, na humpa ndugu wa kanisani au msikitini wa kumuuguza nyumbani. Hofu yao ni ucheleweshaji wa tiba. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500, na baadhi yao waliacha dawa za hospitali. Uvimbe uliokuwa wa kukatwa huweza kusambaa mgonjwa akisubiri muujiza. Wagonjwa wengine hukataa morfini wakiamini maumivu ni mtihani wa Mungu.

Kikwazo kingine ni uhaba wa mafunzo: utafiti uliofanyika Boston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2013 uliona kuwa ukosefu wa mafunzo huwazuia wauguzi na madaktari kutoa huduma ya kiroho hata wanapotaka.

Utaratibu unaopendekezwa ni kumuuliza mgonjwa kinachomtia nguvu na anayetaka aitwe, bila kumhubiria wala kumbeza. Kiongozi wa dini akielezwa ugonjwa kwa idhini ya mgonjwa, anaweza kumwombea na kumhimiza amalize dozi.