Mizani Ikikataa Kompyuta Mpya: Anza na Chipu ya Waya

Mpwa wangu ana duka la nafaka Nanyuki, chini ya Mlima Kenya. Siku aliyoleta kompyuta mpya, mizani yake ya zamani ikanyamaza. "Mjomba, magunia yamejaa mlangoni na mimi naandika kwa kalamu," akanipigia. Tatizo hili huwapata wenye maduka hata huku kwetu pwani, basi tulifungue hatua kwa hatua.

Mizani nyingi za kidijitali hutumia tundu la pini tisa la RS-232, mtindo ulioanza mwaka 1960. Kompyuta nyingi za leo zina USB tu. Waya unaoziunganisha una chipu ndani yake inayotafsiri, na kila aina ya chipu ina draiva yake.

Itambue chipu. Chomeka waya, fungua Device Manager kwenye Windows, bonyeza jina la kifaa mara mbili, ingia Details kisha Hardware Ids. VID_067B ni Prolific, VID_0403 ni FTDI, VID_1A86 ni WCH, mwenye CH340, na VID_10C4 ni Silicon Labs. Chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji huyo. Usipakue popote tu, utaingiza virusi.

Alama ya manjano. Ukiona Code 10 kwenye waya wa Prolific, mara nyingi chipu ni ya toleo lililokwisha muda au ni bandia, na draiva mpya inaikataa. Mwaka 2014 draiva ya FTDI nayo ilizifanya chipu za kuigiza zisitambulike tena. Unaweza kurudisha draiva ya zamani kwa mkono, lakini Windows ikijisasisha tatizo laweza kurudi. Dawa ya kudumu ni waya mwingine.

Namba ya poti. Draiva ikikubali utaona COM3, COM7 au namba nyingine. Namba hiyo ndiyo uiweke kwenye programu ya duka. Ukihamisha waya kwenye tundu jingine la USB, namba huweza kubadilika.

Pima waya peke yake. Utoe kwenye mizani, unganisha pini ya 2 na ya 3 kwa kipande cha waya, ufungue PuTTY kwenye poti hiyo na uandike. Herufi zikirudi, waya ni mzima. Zisiporudi, usiilaumu mizani.

Kwenye Linux, draiva za chipu hizi kwa kawaida zimo tayari. Tafuta /dev/ttyUSB0. Ukinyimwa ruhusa kwenye Ubuntu, jiongeze katika kundi la dialout.

Mpwa wangu alikuta Code 10, akanunua waya mwingine. Uzito ukaja, lakini kwa herufi zisizosomeka: kasi haikulingana. Kitabu cha mizani kilisema 9600, akaiweka hivyo kwenye programu, tarakimu zikanyooka.

Rahisi ni ghali. Kabla hujalipa, muulize muuzaji waya una chipu gani, na usitupe kitabu cha mizani.