Kijenzi kisaidizi: maana na matumizi yake katika maelezo ya milango ya kalsiamu

kijenzi kisaidizi nm (ngeli ya ki-/vi-; wingi: *vijenzi visaidizi*) protini iliyoshikamana na protini kuu, ambayo yenyewe haitendi kazi kuu ya mkusanyiko huo, bali huathiri mahali, wakati na kiasi cha kutendeka kwa kazi hiyo. Kinyume: *kijenzi kikuu*.

Maelezo

Istilahi hii hutumika sana katika kueleza milango ya kalsiamu inayoongozwa na volteji, yaani protini zilizopenya utando wa seli na kuruhusu ioni za kalsiamu kuingia. Nje ya seli, ioni hizo huzidi zile za ndani kwa takriban mara 10,000. Volteji ya utando inapobadilika, mlango hufunguka na kalsiamu huingia kwa kasi. Ndipo msuli hujikunja au neva hupitisha ujumbe kwa jirani yake. Neno *mlango* linafaa kuliko *mfereji*, kwa kuwa sifa kuu ya protini hii ni kufunguka na kujifunga.

Kijenzi kikuu cha mlango huu huitwa alfa-1. Ndicho chenye tundu la kupitishia kalsiamu na sehemu zinazohisi volteji. Katika aina nyingi za milango hii, alfa-1 huandamana na vijenzi visaidizi viwili vifuatavyo.

*Beta* hukaa upande wa ndani wa seli, ikiwa imeshika kipande kinachounganisha eneo la kwanza na la pili la alfa-1. Huongeza idadi ya milango inayofika kwenye utando, huiwezesha kufunguka kwa badiliko dogo zaidi la volteji, na hubadili kasi ya kujifunga kwake. Zipo beta za aina nne, na hazilingani: beta-2a huchelewesha kujifunga, ilhali nyingine huharakisha. Kwa hiyo alfa-1 ileile huweza kutoa mikondo tofauti kutegemea beta iliyoandamana nayo. Panya waliokosa beta-1 katika majaribio ya maabara walikufa mara tu walipozaliwa, kwa kuwa misuli yao, pamoja na ile ya kupumulia, haikuweza kujikunja.

*Alfa-2-delta* hukaa upande wa nje. Huundwa ikiwa protini moja, kisha hukatwa vipande viwili vinavyobaki vimeunganishwa kwa vifungo vya salfa. Husaidia kuifikisha milango kwenye utando, hasa katika ncha za neva.

Mlango wa misuli ya mifupa una kijenzi kingine, gama. Kwa upande mwingine, milango inayofunguka kwa volteji ndogo huweza kufanya kazi kwa alfa-1 peke yake.

Ulinganisho na sarufi

Kivumishi *-saidizi*, kutokana na kitenzi *saidia*, tunakifahamu katika istilahi *kitenzi kisaidizi*. Katika sentensi "Watoto walikuwa wanacheza", tendo limo katika *wanacheza*, lakini *walikuwa* ndilo linaloliweka katika wakati uliopita. Ukiliondoa, sentensi inabaki sahihi, ila haisemi tena jambo lilelile. Hali kadhalika, kijenzi kisaidizi hakipitishi kalsiamu, lakini kukiondoa hubadili utendaji wa mlango. Ulinganisho huu una mpaka wake: kitenzi kisaidizi hakiongezi idadi ya vitenzi vikuu, ilhali beta huongeza idadi ya milango kwenye utando.

Tahadhari kwa wafasiri

1. Usitumie *sehemu ya ziada*. Cha ziada chaweza kuachwa bila hasara. Mfano wa beta-1 unaonyesha kwamba sivyo ilivyo hapa.

2. Katika maelezo ya dawa, taja kijenzi kinachoshikwa. Amlodipini, dawa ya shinikizo la damu, hushika alfa-1 na kupunguza kalsiamu inayoingia katika misuli ya mishipa ya damu. Gabapentini na pregabalini, zinazotumika kutibu kifafa na maumivu ya neva, hushika alfa-2-delta. Haziketi katika tundu la mlango. Mfasiri akiziita zote *dawa za kuziba milango ya kalsiamu*, msomaji ataelewa kwamba gabapentini nayo ni dawa ya presha, na kosa la istilahi litakuwa limegeuka kosa la tiba.

Mifano ya matumizi

*Si sahihi:* Gabapentini huziba sehemu ya ziada ya mlango wa kalsiamu.

*Sahihi:* Gabapentini hushika alfa-2-delta, kijenzi kisaidizi cha mlango wa kalsiamu.

*Sahihi:* Vijenzi visaidizi havipitishi kalsiamu, lakini huathiri kiasi kinachopita.

Tazama pia: *ioni, kijenzi, kitenzi kisaidizi, utando, volteji.*